Ushuhuda wa Kweli juu ya Barafu ya Kibo



Watu wakaao chini ya mlima wa Kilimanjaro huulizana mara nyingi swali hili: Je, barafu ya Kibo yaisha kweli, au ni maneno ya watu tu? Mzee huinua macho asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, akasema ya kwamba siku za utoto wake weupe ulishuka chini zaidi. Kijana humjibu ya kwamba juma lililopita theluji ilianguka, na mlima wote ulikuwa mweupe kama zamani. Wote wawili wamesema waliyoyaona, walakini hawapatani. Maana macho ya mtu huona siku moja moja, na kumbukumbu hubadilika pamoja na umri wake.

Sasa yuko shahidi mwingine. Tangu mwaka 1972 vyombo vizungukavyo dunia, yaani setilaiti, vimekuwa vikiupiga picha mlima huu kutoka juu sana, na picha hizo zimewekwa akiba. Katika makala hii twataka kueleza jinsi ushuhuda huo unavyopatikana na unavyotuambia. Lakini swali letu hasa si la elimu ya milima. Swali letu ni hili: Mtu ashuhudiaye jambo kubwa lenye hatari, je, ana ruhusa ya kuliongeza kidogo ili watu waamke? Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa shabaha ni njema. Sisi twasema hapana, na sababu zetu twaziweka mbele yenu mzipime.

Yafaa tuanze na habari ya kale. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg, alikuwa safarini kutoka pwani kwenda Uchagani, akaona kitu cheupe juu ya mlima. Kiongozi wake, Bwana Kheri, aliuita weupe ule baridi tu, asiwe na jina lingine la kuutaja. Rebmann alikuwa amekulia katika nchi ya theluji, naye akaitambua mara moja. Habari zake zilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtu wa London aliyesifiwa kwa maarifa ya ramani za Afrika, alizikataa. Alishika ya kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Cooley hakuwahi kuuona mlima huo, lakini alikuwa na fikira zake, na fikira hizo zilikuwa na nguvu kwake kuliko neno la mtu aliyeuona. Ubishi uliendelea miaka mingi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hata kupita mita 4,000, wakahakikisha neno la Rebmann.

Habari hiyo yaonyesha kosa la kwanza liwezalo kutendwa juu ya ushuhuda, nalo ni kuukataa kwa sababu haupatani na fikira zetu. Kosa la pili ni kuukuza kwa sababu unapatana na fikira zetu. Yafanana na ndugu wawili wa nyumba moja. Yule wa kwanza hujulikana na kulaumiwa na wengi; yule wa pili hupokewa kwa heshima, kwa maana huja amevaa nguo njema. Kwa hiyo twataka kumtazama huyo wa pili zaidi.

Kwanza tujue jinsi barafu inavyopimwa. Hans Meyer, aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, alirudi mlimani mwaka 1898, akakuta barafu imerudi nyuma. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha za kupimia, na kwa picha hizo Klute akatengeneza ramani. Katika ramani hiyo barafu ya Kilimanjaro ilienea kama kilomita za mraba 12. Ramani hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote zilizofuata.

Tarehe 23 Julai 1972 Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza ya jamii iitwayo Landsat. Nyingine zimeifuata, na Landsat 9 ilirushwa mwaka 2021. Setilaiti ya namna hii huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 705 hivi, na kila siku 16 hurudi juu ya mahali pale pale. Picha yake haifanani na picha ya kawaida ya ukutani. Ni kama mkeka uliofumwa kwa miraba midogo, na kila mraba ni sehemu ya nchi yenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 30. Chombo huandika kwa kila mraba kiasi cha mwanga uliorudi kutoka ardhini, tena si mwanga tuuonao tu, bali na mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu. Hapo ndipo penye faida kubwa. Kwa macho yetu wingu ni jeupe na theluji ni nyeupe, na kwa mbali hatuwezi kuzipambanua. Lakini katika mwanga ule usioonekana wingu hung'aa, na theluji na barafu huwa nyeusi. Kwa kulinganisha miangaza hiyo miwili mpimaji huitenga barafu na wingu. Kisha huhesabu miraba yake, na hesabu hiyo humpa eneo.

Mtu asidhani ya kwamba kazi hiyo ni kuhesabu tu. Theluji mpya ikianguka, hufunika mawe na barafu pamoja, na picha ya siku ile haiwezi kuonyesha mwisho wa barafu ya kudumu. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu huchagua picha za kiangazi, theluji mpya ikiwa imekwisha kuondoka, tena hutazama picha kadha wa kadha asije akadanganywa na moja. Tena iko miraba ya ukingoni, nusu barafu na nusu mawe. Hiyo haina budi kuamuliwa kwa kanuni moja, ile ile mwaka huu na mwaka mwingine. Wenzetu wanaotunza vitabu vya usharika wataelewa jambo hili upesi. Kitabu kikiandikwa mwaka mmoja kwa kanuni hii na mwaka wa pili kwa kanuni ile, nani atajua kama watu wameongezeka au wamepungua?

Basi, vitabu vya mlima vyasema nini? Mwaka 1912 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Mwaka 1953 ilikuwa 6.7. Mwaka 1976 ilikuwa 4.2, na mwaka 1989 ilikuwa 3.3. Mwaka 2011 ilikuwa 1.8 hivi. Kwa picha za mwaka 2021 wapimaji walipata 0.98 tu. Fikiri mtu aliyerithi shamba la eka 12 kwa baba yake, na leo amebakiwa na eka moja isiyotimia. Tena kilichobaki kimekatikakatika: mwaka 2012 uwanda mkubwa wa barafu wa kaskazini ulionekana umegawanyika sehemu mbili. Mzee tuliyemtaja mwanzoni alisema kweli. Na kijana naye alisema kweli juu ya theluji ya juma moja, ila theluji ile haikuwa barafu ya kudumu.

Ushuhuda huo ni mzito, wala hauhitaji kuongezwa neno. Hata hivyo watu wameuongeza. Ziko picha mbili za Landsat zilizoenea sana duniani, moja ya Februari 1993, ya pili ya Februari 2000. Zikiwekwa pamoja, mlima waonekana kama umevuliwa nguo yake kwa miaka saba tu. Lakini sehemu kubwa ya weupe wa picha ya kwanza ni theluji ya msimu iliyokuwa imeanguka karibuni. Picha zenyewe hazikusema uongo, maana kila moja yaonyesha siku yake. Aziwekaye pamoja bila maelezo ndiye azifanyaye ziseme lisilokuwapo.

Tena, mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake wa Marekani, waliotoboa barafu ya Kibo mwaka 2000 ili kuichunguza, waliandika ya kwamba hali ya hewa ikiendelea kuwa vile, yaelekea barafu itatoweka kati ya mwaka 2015 na mwaka 2020. Angalieni neno lile dogo: ikiendelea. Wenyewe waliliweka. Lakini habari ilipopita kinywa hata kinywa, neno lile liliachwa njiani, ikabaki tarehe peke yake kama ahadi. Mwaka 2020 ukapita, na barafu ilikuwapo. Ndipo wenye kudharau wakacheka, wakasema, Mwaona? Yote yalikuwa uongo.

Mambo ya namna hii yametokea na mahali pengine. Mwaka 2007 taarifa kubwa ya wajuzi wa tabia ya nchi, waliokusanywa na Umoja wa Mataifa, ilisema ya kwamba barafu ya milima ya Himalaya huenda ikaisha ifikapo mwaka 2035. Neno hilo halikuwa na msingi wa kutosha, na mwaka 2010 wenye taarifa walikiri kosa. Mwaka 2007 huo huo hakimu wa Mahakama Kuu mjini London aliamua shauri juu ya filamu ya Al Gore, iliyotaka kuonyeshwa katika shule za Uingereza. Aliiona kuwa kwa jumla imeshika elimu ya kweli, akaruhusu ionyeshwe pamoja na maelezo kwa walimu. Lakini alihesabu mambo tisa yaliyozidi yale yaliyothibitika. Mojawapo ya hayo tisa lilikuwa barafu ya Kilimanjaro, ambayo filamu ililaumu kwa ajili yake joto la dunia lililoletwa na wanadamu, bila kueleza zaidi.

Kwa nini jambo hilo lilihesabiwa kuwa limezidi? Kwa sababu picha ya setilaiti yatuambia ya kwamba barafu imepungua, lakini haituambii kwa nini. Haituambii hata unene wake, maana picha huonyesha upana tu. Ili kuijua sababu, watu hawakuwa na budi kupanda na kupima mlimani penyewe, na mwaka 2000 kituo cha kupima hali ya hewa kiliwekwa juu ya barafu ya kaskazini. Ilionekana ya kwamba kule juu hewa kwa kawaida ni baridi kuliko kiasi cha kuyeyusha barafu. Sehemu kubwa ya barafu hugeuka kuwa mvuke bila kuwa maji kwanza, kwa nguvu ya jua na ukavu wa hewa. Wapimaji wengi hueleza ya kwamba mwisho wa karne ya 19, kama mwaka 1880, hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki iligeuka kuwa kavu, theluji ikapungua, na barafu ikaanza kurudi nyuma. Tena hesabu yenyewe yaonyesha ya kwamba zaidi ya kilomita za mraba 5 zilipotea kabla ya mwaka 1953. Shahidi wa haki hulitaja jambo hilo, ijapokuwa ajua ya kwamba wabishi watalifurahia.

Hapo mtu atasimama na kusema: Ninyi mwapoteza wakati kwa maneno madogo. Dunia yapata joto, na jambo hilo lina mashahidi wengi mahali pengi. Barafu yapungua karibu katika milima yote ya ulimwengu. Watu ni wazito wa kuamka. Ukiwaambia polepole, na huenda, na ikiwa, hawatasikia. Ukipiga kelele na kutaja tarehe iliyo karibu, wataondoka usingizini. Je, si afadhali kukuza neno kidogo na kuokoa nchi, kuliko kusema kwa kipimo na kuiacha iharibike?

Hoja hiyo si ya mtu mbaya, nasi haifai tuidharau. Kwamba dunia yapata joto ni kweli, na barafu ya mahali pengi yashuhudia. Lakini twaijibu hivi.

Kwanza, atiaye chumvi hukopa mali isiyo yake. Watu humwamini kwa sababu ya wapimaji wengine waliosema sawasawa kabla yake. Tarehe yake ikipita, deni lile hulipwa na wote, hata na yule aliyepima kwa uaminifu miaka thelathini. Njia ya mwongo ni fupi, asema mhenga. Lakini mara nyingi mwongo mwenyewe amekwisha kuondoka, na anayekutwa mwisho wa njia ni mtu mwingine.

Pili, asikiaye ni mtu mwenye akili na dhamiri, si mbuzi wa kuswagwa kwa kelele. Ukimficha sehemu ya kweli ili atende upendavyo wewe, umemtawala, hukumfundisha. Hata akitenda jambo jema, umemnyang'anya nafasi ya kulitenda kwa kujua.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu: neno lililokuzwa hugeuza macho ya watu mbali na mahali penye kazi. Ni mara ngapi twasikia ya kwamba barafu ya Kibo ikiisha, mito itakauka, na mifereji ya migombani haitapata maji? Lakini waliopima maji ya mlima wameona ya kwamba sehemu iliyo kubwa sana hutoka katika mvua inyeshayo msituni na mawingu yashikwayo na miti. Maji ya barafu ni machache mno. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro miaka mingi, alilinganisha picha za setilaiti za mwaka 1976 na za mwaka 2000, akaonyesha jinsi moto ulivyoula msitu wa juu na kuushusha mpaka wake. Mwezi wa Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka tena mlimani. Basi, mkulima akiambiwa ya kwamba mfereji wake unakauka kwa sababu ya barafu, atafanya nini? Ataikunja mikono, maana barafu haimo katika uwezo wake. Lakini akiambiwa kweli, atauliza ni nani anayewasha moto, ni nani anayekata miti kwenye chemchemi, na ni nani awezaye kupanda mingine. Neno lililokusudiwa kumwamsha limemlaza.

Katika Katekisimo Ndogo tulijifunza amri ya nane juu ya ushuhuda wa uongo, nayo yamhusu jirani. Mtu aweza kusema ya kwamba mlima si jirani. Ni kweli. Lakini wanywao maji ya mlima ni jirani, na neno tulisemalo juu ya mlima huwapata wao.

Sasa twarudi kwa ndugu yule wa kwanza, asije akadhani ya kwamba tumesema kwa ajili yake. Yeye asemaye kwamba, kwa kuwa tarehe ilikosea, barafu haipungui, afanya kama alivyofanya Cooley. Kutoka 12 hata kutotimia 1 ni jambo lililohesabiwa, tena na watu mbalimbali, kwa vyombo mbalimbali. Kukosea siku ya kifo cha mgonjwa hakumponyi mgonjwa. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa ya kwamba barafu ya Kilimanjaro, pamoja na ya mlima Kenya, yaelekea kutoweka ifikapo mwaka 2050. Neno hilo nalo ni makadirio, na yatupasa kulisema kama makadirio. Lakini hakuna kipimo kinachoonyesha ya kwamba barafu inarudi.

Tufanye nini basi, hasa sisi tusimamao mbele ya watu kufundisha? Kwanza, tupambanue mambo matatu kila tusemapo: lililoonekana, lililofikiriwa kutokana na lililoonekana, na lililotabiriwa. La kwanza tuliseme kwa nguvu, la pili kwa kiasi, la tatu pamoja na neno lake la ikiwa. Pili, tutaje mwaka na mtu. Neno lisilo na mwaka wala mtu ni uvumi, hata likiwa la kweli.

Tatu, tusidharau ushuhuda wa wazee. Picha za setilaiti zaanza mwaka 1972 tu. Ya nyuma yamo katika ramani chache, katika vinywa vya wazee, na katika picha za zamani zilizomo nyumbani na katika sharika. Ikiwa unayo picha ya arusi au ya kubarikiwa kwa vijana, na Kibo kinaonekana nyuma yao, usiitupe. Andika nyuma yake ilipigwa mahali gani, mwezi gani, mwaka gani. Na usipojua, andika kwamba hujui, wala usibahatishe. Mtu akisimama tena mahali pale pale na kupiga picha nyingine, hizo mbili zitakuwa ushuhuda.

Nne, tutunze msitu. Kazi hiyo haingojei wajuzi wamalize mashauri yao juu ya barafu, maana juu ya msitu na maji hakuna shauri kubwa tena: miti ikiisha, maji yatapungua. Miti ya kwenye chemchemi ya kijiji chako waweza kuihesabu leo kwa macho yako mwenyewe, na mwakani waweza kuihesabu tena.